Baba Mkwe na Kitenzi cha Kuimba

Fuentelmonte,
Zamora, Hispania.
9 Novemba 2014

Mpendwa Shangazi Mwanahawa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine tena, maana ya kwanza ni yangu na ya pili ni ya mkweo Fermín, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu akitaka kuhakikisha nimeiandika. Magoti yanaendeleaje? Mwajuma aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za zahanati bila kushikwa mkono. Nilifurahi mpaka nikaenda kumwambia jirani ambaye hakujui wala hajui Kilosa iko upande gani wa dunia. Na mvua je? Mahindi yamesimama, au mto umekula tena shamba la chini?

Sisi hapa hatujambo. Baridi imeanza kuuma, jiko la kuni limeshawashwa, na Fermín analalamikia mgongo tangu tulipovuna zabibu. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, ila hilo usiwatangazie.

Ulisema habari ya baba mkwe nisikupe kwa simu, kwa sababu simu inakukatikia pale penye utamu. Basi naiandika. Kaa vizuri, na kama miwani inakuchosha mwite Mwajuma akusomee.

Unakumbuka kwamba baba mkwe wangu, mzee Benigno, alipigwa na kiharusi mwezi wa pili. Mkono wa kulia ulilegea na mguu ukawa unaburutika, lakini hayo yalipata nafuu. Kilichoondoka kisirudi ni maneno.

Na yule hakuwa mtu wa kuondokewa na maneno, Shangazi. Ndiye aliyekuwa na baa pekee ya kijiji hiki, hapa hapa chini ya nyumba tunamokaa. Watu husema aliuza mvinyo; mimi nasema aliuza mdomo. Alimtania padri, alibishana na wachungaji juu ya bei ya sufu, na mchezaji karata mbovu alitukanwa mpaka akarudi kesho yake kutukanwa tena. Nilipofika hapa bibi harusi nisiyejua hata kuomba chumvi, yeye ndiye aliyenifundisha lugha yao, ambamo hata vitu ni vya kike au vya kiume, na alinifundisha kwa kunizomea mbele ya wateja.

"Binti, meza ni mwanamke! Ukimwita mwanamume atakasirika, atatupa sahani chini. Leocadia, njoo umsikie mkweo anavyomtukana meza!"

Baa nzima inacheka, nami nacheka na machozi yananitoka. Lakini sikumkosea tena meza.

Baada ya kiharusi alibakiwa na neno moja tu: Jumanne. Kwa nini Jumanne, hakuna ajuaye.

"Baba, utakula supu?"

"Jumanne."

"Mguu unauma?"

"Jumanne, Jumanne."

Alilisema kwa sauti zote. Kulikuwa na Jumanne ya kuomba maji, Jumanne ya hasira, Jumanne ya kumbembeleza mke wake. Siku moja alilisema huku analia, akimshika Fermín ukosi wa shati, na Fermín akatoka nje akaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika. Hospitalini walituambia kwamba damu ilikosekana upande wa ubongo unaoshika maneno. Wakasema pia kwamba hawana hakika anaelewa kiasi gani cha tunayomwambia.

Hapo ndipo mambo ya nyumbani yalipoanza kupinda. Wifi yangu Remedios anaishi Valladolid na mumewe. Si mtu mbaya, Shangazi, nisije nikakupa picha mbaya. Alimpenda baba yake kuliko sisi sote, na ndiyo maana hakuweza kuvumilia kumtazama. Alishaamini kwamba ndani ya mwili ule hakuna tena mtu. Naye mama mkwe Leocadia nyonga yake ni mbovu, hawezi kumwinua mumewe akianguka. Basi Remedios akapanga: baba aende kwenye nyumba ya kulea wazee huko Valladolid, na mama akakae kwake, katika chumba kidogo cha nyuma. Wale wawili hawajawahi kulala nyumba mbili tangu waoane, ukiondoa siku za hospitali.

Fermín alisema, "Tungemuuliza mwenyewe kwanza."

"Muulize," Remedios akamjibu. "Muulize, si huyo hapo."

"Baba, unataka kwenda kukaa Valladolid?"

"Jumanne."

"Umemsikia?" akasema wifi yangu. "Basi hata siku ameshatupangia." Alikusudia mzaha. Haukufika mbali, maana aliingia jikoni akajifungia akalia, nami nikamsikia kupitia mlango.

Sasa nikujulishe kwa Eufrasia. Huyu ni bibi wa mtaa wa pili, sikio moja limekufa, mdomo uko hai kwa mawili. Alisoma darasa moja na baba mkwe, benchi moja, wakati watoto wote wa kijiji walikuwa wanasomeshwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, Asunción, mwenye rula ya mti wa mwaloni. Eufrasia huja kumsaidia mama mkwe kazi ndogondogo, na wakati huohuo humtukana baba mkwe kama zamani, awe mgonjwa asiwe mgonjwa.

"Benigno, umekaa kama gunia. Angalia usizidi kunyamaza, watu watadhani una akili."

"Jumanne."

"Jumanne mwenyewe!"

Nadhani kijiji kizima hakuna aliyemtendea wema kama huo.

Siku moja ya Septemba mama mkwe na Eufrasia walikuwa wanachambua dengu mezani, baba mkwe kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi napiga pasi. Eufrasia akichambua huimba mambo ya shule: mito ya Hispania, jedwali la kuzidisha, vitenzi. Mwalimu Asunción aliwafundisha yote kwa kuitikia pamoja, wakigonga sakafu kwa miguu, kwa sababu darasa lilikuwa na baridi na kugonga kuliwapasha joto. Basi akawa anaimba:

"Cantaría, cantarías, cantaría..."

Akakuta kijiwe kwenye dengu. Akanyamaza, akakiinua akakitazama kwenye mwanga.

Na nyuma yangu sauti ya kiume ikamalizia: "...cantaríamos, cantaríais, cantarían."

Shangazi, mimi nilidhani ni redio. Niligeuka kuitazama redio. Ilikuwa imezimwa. Mama mkwe alikuwa amesimama wima, fimbo yake bado imeegemea ukuta. Eufrasia, kwa lile sikio lake, ndiye pekee ambaye hakuelewa.

"Nani huyo ananirukia zamu yangu?" akauliza kwa ukali.

Ngoja nikueleze maneno yale. Maana yake ni: ningeimba, ungeimba, angeimba, tungeimba, mngeimba, wangeimba. Sisi "nge" yetu tunaichomeka katikati ya neno. Wao kitenzi chao hawakikati hata kidogo. Wanakichukua kizima, "cantar", kuimba, halafu wanakishonea mkia mwishoni, "ía". Vitenzi vyao vina koo tatu, na kwingine kote kila ukoo una mavazi yake, ndiyo yaliyonitoa jasho miaka ile. Lakini penye "ninge" koo zote tatu huvaa mkia mmoja, hata "ningeimba" na "angeimba" hazitofautiani. Nilipokuwa najifunza niliona ni sehemu rahisi nikaipita mbio. Siku hiyo nilisimama na pasi mkononi, vinyweleo vimenisimama, kana kwamba nimesikia jina la Mungu likitamkwa na jiwe.

Eufrasia alipoelezwa hakushangaa wala hakulia. Alimsogelea, akaweka mikono kiunoni kama mwalimu wao.

"Benigno! Cantaría!"

Mzee akakunja uso, uso wa mwanafunzi aliyeitwa bila kujiandaa. Mguu wake mzima ukaanza kugonga sakafu. Halafu yakatoka yote sita, moja baada ya jingine, safi, bila kigugumizi, kwa sauti yake ileile ya baa.

"Sasa sema Leocadia," mama mkwe akamwambia. "Nani mimi? Niite."

Midomo ya mzee ikahangaika.

"Jumanne," akasema.

Tulimpeleka Zamora kwa mtaalamu wa usemi, msichana anaitwa Olalla. Alitueleza kwamba vitu vilivyoingia kwa kuimba, kwa sala, kwa kuhesabu na kwa kuitikia pamoja haviwekwi mahali palepale pa mazungumzo. Moto unaweza kuunguza sebule na ghala lisiguswe. Lakini hakutuahidi kitu. Alisema huo bado si usemi. "Ni bomba," alisema, "ukilifungulia linatiririka mpaka mwisho, na mwenyewe hana koki."

Kisha akatuagiza tujaribu kumpa vitenzi vingine. Tukampa kula, tukampa kuishi. Akavinyambua. Nikasema moyoni, hivyo pia alivisoma shuleni, kwa hiyo nikampa kimoja ambacho sidhani mwalimu Asunción alipoteza muda kukiimbisha: kupiga pasi. Nilimwambia neno lenyewe tu, "planchar". Akalitafuna mdomoni. Mguu ukagonga.

"Plancharía, plancharías, plancharía..."

Akakifikisha mpaka mwisho. Sikumpa mkia, Shangazi. Mkia aliushona mwenyewe. Mtu asiyeweza kumwita mke wake kwa jina alikuwa anachukua neno jipya na kulivisha nguo, na nguo inalikaa sawasawa. Nilienda dukani kununua chumvi nikarudi bila chumvi, maana njia nzima nilikuwa najiuliza ni nani aliyeko mle ndani anayefanya kazi hiyo gizani.

Remedios alipoambiwa kwa simu alisema, "Kasuku naye anasema."

Hakukosea kabisa, na hilo ndilo lililotuuma. Kwa sababu baba mkwe hakuweza kusimama katikati ya kitenzi. Ukitaka "tungekula", lazima aanze na "ningekula", apande ngazi moja moja, na akifika kwenye "tungekula" hasimami, anaporomoka mpaka "wangekula". Olalla alikuwa anainua mkono kama askari wa barabarani; mzee anapita kama lori lililokatika breki. Alijua mwenyewe. Akifika mwisho alipiga paja lake kwa ngumi. Oktoba yote ilipita hivyo. Mama mkwe alikaa mbele yake kila asubuhi, anamenya viazi, anasikiliza.

Jumapili iliyopita Remedios na mumewe walikuja. Tulikula kondoo wa kuoka, tukanywa kahawa, halafu wifi yangu akaweka kikombe chini. Nafasi imepatikana, alisema, na haitatungoja.

"Baba angekaa na wenzake," akaeleza. "Angefanya mazoezi kila siku, angekuwa na wauguzi karibu. Mama angekaa kwangu, angepumzika. Wangeonana kila Jumapili, ningempeleka mwenyewe."

"Na baa?" Fermín akauliza, kama vile hilo ndilo lililokuwa linamsumbua.

"Tungeifunga. Si imeshafungwa?"

Sijui kama unaona nilichokiona. Kila neno lililokuwa linatoka mezani pale lilikuwa na ule mkia. Angekaa, angepumzika, wangeonana, tungeifunga. Tulikuwa tunazungumza juu ya kichwa cha mzee kwa lugha ileile pekee aliyobakiwa nayo. Na yeye alikuwa ameinua kichwa.

"Viviría," akasema. Ningeishi.

"Haya, ameanza," Remedios akasema kwa uchovu.

"Vivirías." Mguu unagonga chini ya meza. "Viviría."

Fermín aliinamisha macho kungoja lori lipite.

"Viviríamos." Tungeishi.

Na hapo nikaona mdomo wake umeshafunguka kwa linalofuata. Nikaona ulimi umeshajipanga. Alishika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, shingo ikamvimba, uso ukawa mwekundu kama anazuia mlango unaosukumwa na watu wengi. Vikombe vikatikisika kwenye visahani. Halafu akafunga mdomo. Alilimeza neno lile. Niliona koo likipanda na kushuka.



"Viviríamos," akasema tena, peke yake safari hii, bila ngazi. Akamgeukia mama mkwe. "Aquí."

Hapa. Tungeishi hapa.

Shangazi, mimi nimezaa mara mbili, na nimesimama pembeni ya kitanda cha mama alipokuwa anakata roho. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama mtu yule kunyamaza mahali alipotaka kunyamaza.

Remedios alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Alipoitoa alisema kwa sauti ya mtoto, "Kama nini, Baba? Mngeishi hapa kama nini?"

Maana kwao kama kwetu, neno la "nge" haliwezi kusimama kwa mguu mmoja, linadai "kama" yake. Mzee alijaribu. Alijaribu kweli. Macho yakatafuta dari, midomo ikahangaika, sote tumeinama mbele.

"Jumanne," akasema.

Akajisikia mwenyewe, na akacheka. Tangu Februari hakuwa amecheka. Kilikuwa kicheko cha baa, kikubwa, cha upande mmoja wa uso, na sisi tukacheka naye huku tunalia, hata mume wa Remedios, mtu ambaye harusini kwake alitabasamu mara moja tu.

Ndipo mama mkwe Leocadia aliposema. Miezi yote ile mambo yake yalipangwa naye yupo, na hakuwa ametia neno.

"Kama mngetushushia kitanda chini, kwenye baa, tusipande ngazi," alisema. "Kama mngemtafuta mtu wa kuja asubuhi kumwinua. Kama wewe Remedios ungekuja Jumamosi ukala na baba yako badala ya kumlilia jikoni. Na kama mngeacha kuzungumza juu ya kichwa cha mume wangu. Hizo ndizo 'kama' zake. Mimi nazijua, nimeishi naye. Mlikuwa hamjaniuliza."

Remedios aliinuka akazunguka meza, akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya baba yake. "Nilidhani umeondoka," alikuwa anasema. "Nilidhani umeshaondoka, Baba." Mzee alimpapasa nywele kwa ule mkono mlegevu, mkono ambao tuliambiwa hautafanya jambo lolote la maana tena.

Nafasi ile wifi yangu aliikataa mwenyewe kwa simu, kabla hawajaondoka. Kitanda tumekishusha. Kimekaa pale palipokuwa na meza za karata, na kaunta bado ipo na chupa zake, kwa hiyo wazee wakipita wanagonga kioo wakiuliza kama pamefunguliwa. Mwanamke wa kijiji cha jirani, anaitwa Visitación, mabega kama ya mpiga makasia, anakuja kila asubuhi.

Nisikudanganye kwamba amepona. Olalla anasema huenda asivuke hapa alipofika. Siku nyingine breki zinashika, siku nyingine anaporomoka mpaka chini, na Leocadia bado hajaitwa jina lake. Lakini sasa hatumwambii mtu kwamba hayupo.

Jambo moja la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nikae kitako leo nikuandikie. Jana nilikuwa namnyoa ndevu. Nimempaka sabuni, nimeshika wembe, akanizuia mkono.

"Cantaría," akasema, kisha akatulia, akakusanya nguvu. "Cantarías."

Akakomea pale. Akaningoja.

Ungeimba. Hawa watu wakimwomba mtu jambo kwa adabu husema hivyo. Na yule mzee, miaka yote niliyokaa kwake, hajawahi kuniomba kitu kwa adabu. Ilikuwa "binti, lete", "binti, sogea". Niliuweka wembe chini. Sikuwa na wimbo wao wowote kichwani, Shangazi. Ulionijia ni ule wa kubembelezea watoto, uliotuimbia mimi na marehemu kaka Hemedi pale barazani kwako. Nikamwimbia huo. Haelewi neno lake hata moja. Alifumba macho, mguu wake ukashika mdundo.

Nilipomaliza alifumbua jicho moja. "Cantarías," akasema, moja kwa moja, bila kuanzia mwanzo.

Nikauimba tena, na tena, mpaka sabuni ikamkaukia mashavuni.

Nisalimie Mwajuma na watoto wake wote, mjomba Kibwana, na Bi Siwatu wa mkabala, mwambie kitambaa chake nakihifadhi. Mama mkwe anakusalimu kwa mikono miwili. Eufrasia, ambaye hakujui, ameagiza nikuambie kwamba yeye ndiye aliyemponya Benigno, na kwamba shuleni alikuwa wa kwanza.

Mungu ayatie nguvu magoti yako, akuwekee sauti yako, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata kwa umbali huu,

Sikudhani